Binti wa miaka 13 anayesoma nyumbani: aanze chuo lini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Sisi ni Watanzania tunaoishi Brooklyn Park, Minnesota. Binti yetu ametimiza miaka 13, na tumemsomesha nyumbani tangu alipomaliza gredi ya 4, kwa sababu shuleni alikuwa akimaliza kazi zake mapema na kubaki amekaa tu. Sasa amemaliza aljebra yote ya sekondari pamoja na jiometri, anasoma bayolojia kwa kitabu cha chuo alichonunuliwa na shangazi yake, na katika mtihani sanifu wa mwaka jana aliwapita watoto 98 kati ya kila 100 wa rika lake. Anataka kuwa daktari. Baba yake anasema tusimcheleweshe, aingie chuo moja kwa moja akifika miaka 14 ili apate shahada akiwa na 18. Mimi ni muuguzi, najua udaktari ni safari ndefu, na moyo wangu unasita ingawa sababu siwezi kuieleza vizuri. Bibi yake kule Moshi, kila tukipiga simu, anauliza mtoto atarudi shule lini. Tufanyeje, na umri upi unafaa?

Jibu: Marahaba, dada. Nitatanguliza jibu lenyewe, kisha nieleze nilivyolifikia. Katika barua yako yamo maswali mawili yaliyofungwa pamoja, na nadhani tofauti kati yako na mwenzio inatokana na kufungwa huko. La kwanza ni lini binti aanze kusoma masomo ya kiwango cha chuo. La pili ni lini ahesabiwe kuwa amehitimu sekondari na kuwa mwanafunzi kamili wa chuo kikuu. La kwanza linajibiwa na somo, moja baada ya jingine, na katika hesabu huenda likajibiwa mapema sana. La pili linategemea mambo mengi ambayo hayana uhusiano na wepesi wa akili yake: fedha, sheria, alama zisizofutika, na masharti ya shule za udaktari. Ushauri wangu ni kwamba la kwanza mlishughulikie tangu mwaka huu, na la pili mliache hadi awe na miaka 17 au karibu yake.

Nianze kwa kumpa baba yake haki yake. Hofu kwamba mtoto anayerushwa madarasa huharibika ni kubwa katika jamii yetu, na hata miongoni mwa walimu wa Marekani, lakini ushahidi uliopo hauiungi mkono. Mwaka 1971 Julian Stanley, profesa wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, alianzisha utafiti juu ya watoto wenye kipaji cha hesabu, akawapa watoto wa miaka 12 na 13 mtihani wa SAT, ule ule unaofanywa na vijana wa miaka 17 wanaoomba kuingia chuo. Kazi hiyo iliendelezwa na wenzake, ambao baadaye waliihamishia Chuo Kikuu cha Vanderbilt, na watu wale wamefuatiliwa hadi utu uzima wao. Kwa jumla, waliosogezwa mbele kwa kadiri ya uwezo wao hawakuishia kuwa na maisha mabaya kuliko wenzao, na wengi walipoulizwa miaka mingi baadaye hawakujutia. Kinachomdhuru mtoto wa namna hii mara nyingi ni kuzuiwa, yaani kukaa miaka akirudia anachokijua hadi azoee kwamba kusoma ni jambo lisilohitaji jasho. Siku akikutana na somo gumu kweli, hana zana ya kupambana nalo. Mlipomtoa darasani mlifanya jambo la maana, na sioni sababu ya kumrudisha katika kukaa tu kwa kuwa umri wake unatutia hofu.

Hata hivyo, inafaa kutazama kwa makini namna waliofanikiwa walivyosogezwa. Wazazi wengi hunitajia Terence Tao, Mwaustralia aliyezaliwa mwaka 1975 na kupata Nishani ya Fields, tuzo kubwa ya wanahesabu, mwaka 2006, wakisema kwamba aliingia chuo akiwa mtoto mdogo. Ni kweli kwamba alihudhuria masomo ya hesabu katika Chuo Kikuu cha Flinders, Adelaide, akiwa na miaka 9 hivi. Lakini masomo mengine aliendelea nayo sekondari, kila somo katika darasa lililolingana na kiwango chake, na hakuwa mwanafunzi kamili wa chuo hadi alipofika miaka 14. Kwa miaka hiyo yote wazazi wake waliacha somo moja likimbie na mengine yatembee. Alipoingia chuo kwa miguu yote miwili, mahali pale palikuwa pamekwisha kuwa pa kawaida kwake.

Upande wa pili watu hutaja kisa cha William James Sidis, aliyefundishwa na baba yake, akaingia Harvard mwaka 1909 akiwa na miaka 11, akawahutubia wanahesabu wa chuo hicho mwanzoni mwa 1910, kisha akaishi utu uzima wake akijificha na kufanya kazi ndogo ndogo za ofisini hadi alipofariki mwaka 1944. Sipendi kisa hicho kitumike kuwatisha wazazi, kwa sababu mwaka ule ule alifika Harvard kijana mwingine, Norbert Wiener, aliyelelewa na baba mkali vile vile, akiwa na miaka 14 na shahada ya kwanza tayari mkononi, naye akaja kuwa mmoja wa wanahesabu wakubwa wa karne iliyopita. Malezi yao yalifanana na matokeo yakawa mbali mbali. Kwa hiyo msibishane kwa visa vya watu mashuhuri. Mtazameni huyu mliye naye mezani.

Sasa nije kwenu Minnesota, kwa sababu swali hili hujibiwa tofauti katika kila jimbo. Kisheria hali yenu ni nzuri. Mzazi anayemfundisha mtoto wake mwenyewe hatakiwi kuwa na cheti cha ualimu. Anatakiwa kutoa taarifa kwa msimamizi wa elimu wa wilaya ifikapo tarehe 1 Oktoba, kufundisha masomo yaliyotajwa na sheria, na kumpa mtoto wa miaka 7 hadi 16 mtihani sanifu kila mwaka, jambo ambalo naona mnalitimiza. Zaidi ya hayo, mwaka 1985 jimbo lenu lilikuwa la kwanza Marekani kuanzisha mpango wa kuwaruhusu wanafunzi wa sekondari kusoma vyuoni kwa gharama ya jimbo, nao huitwa PSEO hadi leo. Wanaosoma nyumbani wamo. Mwanafunzi wa gredi ya 11 au ya 12 aliyekubaliwa na chuo halipi ada wala vitabu vya lazima. Wa gredi ya 10 huanza na kozi moja ya fani ya kazi, na akipata C au zaidi huruhusiwa kuongeza. North Hennepin Community College, chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka 2, iko hapo hapo Brooklyn Park, na Chuo Kikuu cha Minnesota nacho hupokea vijana wa gredi ya 11 na ya 12 kupitia mpango huo, ingawa kuingia huko ni kugumu zaidi.

Hapa ndipo penye kishawishi. Kwa kuwa mzazi anayesomesha nyumbani ndiye anayetaja gredi ya mtoto wake, wapo wanaomwandika mtoto wa miaka 14 kuwa yuko gredi ya 11 ili milango ya PSEO ifunguke. Tafakarini sana kabla ya kufanya hivyo. Sheria inaweka hesabu: anayeanza akiwa gredi ya 10 ana nafasi ya miaka 3 ya masomo, na anayeanza gredi ya 11 ana miaka 2 tu. Mkiianzisha hesabu hiyo akiwa na miaka 14, itakwisha akiwa na 16, na kuanzia hapo kila krediti, yaani kipimo cha uzito wa kozi ya chuo, italipwa na nyinyi au itategemea misaada ambayo huenda hajastahili kuipata.

Suala la fedha lina upande mwingine ambao wazazi wengi huujua wakiwa wamechelewa. Vyuo vikuu vingi vya Marekani humhesabu mwombaji kuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ikiwa krediti zake zote za chuo alizipata kabla ya kuhitimu sekondari, hata kama ni 60, yaani nusu ya shahada. Akihitimu kwanza, kisha akasoma mwaka mmoja katika chuo cha jamii, anapoomba chuo kikuu anahesabiwa kuwa anahamia kutoka chuo kingine, na ufadhili mkubwa wa ada kwa kawaida umetengwa kwa wa mwaka wa kwanza. Binti yule yule, kozi zile zile, alama zile zile, lakini siku iliyoandikwa kwenye cheti cha sekondari ndiyo inayoamua aombe kupitia mlango upi. Na kwa kuwa cheti hicho mtakitoa nyinyi wenyewe, tarehe iko mikononi mwenu. Msikitie saini kwa furaha ya kuona amemaliza mapema.

Misaada ya serikali kuu nayo, ikiwemo ruzuku ya Pell ya wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo, haipewi mwanafunzi ambaye bado yuko sekondari, na kwa aliyesoma nyumbani humtaka awe amemaliza masomo hayo na kwa kawaida awe amevuka umri wa lazima wa kusoma, ambao Minnesota hufika miaka 17. Mpango wa jimbo ulioanza msimu wa vuli wa 2024, uitwao North Star Promise, hulipia ada iliyobaki katika vyuo vya umma kwa familia ambazo mapato yao yako chini ya dola 80,000 kwa mwaka. Pigeni hesabu ya mapato yenu, kwa sababu kwa familia ya namna hiyo kumwingiza mtoto chuo akiwa na miaka 14 kwa fedha za mfukoni ni kununua kitu ambacho angekipata bure miaka 3 baadaye.

Jambo ninalotaka mlipe uzito kuliko yote ni alama. Alama ya nyumbani, hata ile ya shule ya kawaida, inaweza kurekebishwa: mtoto akishindwa sura ya kitabu, mnairudia wiki inayofuata na hakuna anayejua. Alama ya chuo hubaki katika hati ya matokeo ya chuo hicho maisha yote. Na kwa anayetaka udaktari kuna la ziada. Huduma kuu ya maombi inayotumiwa na shule nyingi za udaktari za Marekani, AMCAS, humtaka mwombaji alete matokeo ya kila kozi ya chuo aliyowahi kusoma, zikiwemo zile alizosoma akiwa sekondari, na zote huingia katika wastani wake. Kwamba alikuwa na miaka 14 hakuziondoi humo.

Nilimshauri baba mmoja, Mkenya anayeishi jimbo jingine, ambaye mwanawe alikuwa mwepesi wa hesabu kama binti yenu. Walimwandikisha kozi 4 kwa mpigo akiwa na miaka 14. Kalkulasi alipata A bila shida. Kozi ya uandishi ya mwaka wa kwanza ilimtaka asome makala juu ya ndoa, mikopo ya nyumba na ajira, kisha aandike kurasa 5 akijenga hoja yake mwenyewe. Kijana alijua sarufi yote, lakini juu ya mikopo ya nyumba hakuwa na la kusema. Hakumwambia mtu. Alipata C, na kemia, ambayo aliiacha nyuma akihangaika na insha, akapata C pia. Ni kijana mzuri, amekua, sasa anafanya vyema. C zile bado ziko pale, na kila anapojaza fomu huziandika upya. Kilichomwangusha ni ukubwa wa mzigo na kukosa mazoea ya kuomba msaada, na yote mawili yangeonekana nyumbani kama wangejaribu kwanza.

Basi jaribuni. Kila kozi ya chuo nchini Marekani huanza na karatasi ya mpango wa kozi, yenye kurasa kadhaa, inayoonyesha wiki kwa wiki kipi kisomwe, kazi ipi iwasilishwe tarehe ipi, na alama ngapi zitakatwa kwa siku moja ya kuchelewa. Vyuo vingi huzitoa bure mtandaoni. Chukueni mpango wa kozi ya bayolojia ya mwaka wa kwanza, ukiwezekana ule unaotumia kitabu alichonunuliwa na shangazi yake, mpeni binti, kisha kwa wiki 6 msimkumbushe lolote. Msiulize kama amesoma. Msimwambie kesho kuna kazi. Kazi ikichelewa saa moja, kateni alama kama karatasi inavyosema. Mwisho wa wiki ya 6 fungueni daftari lake mkiwa wote watatu, na muangalie mambo ambayo mtihani sanifu hauwezi kuyapima: aliandika tarehe mahali fulani au alizitegemea kichwani? Sura iliyomchosha aliisoma hadi mwisho? Alipokwama alifanya nini, alikaa nayo siku 3 kimya au aliuliza? Na mwongezeeni zoezi moja dogo: amwandikie barua pepe yeye mwenyewe mtu mzima asiyemfahamu, kwa mfano mkutubi au mratibu wa mpango fulani, aombe maelezo, na mama asiiguse barua hiyo hata kwa nukta. Nimewaona watoto wanaotatua milinganyo migumu lakini hawathubutu kubonyeza kitufe cha kutuma.

Mkiona amefaulu hayo, bado yako mambo ya darasani ambayo hamtakuwapo kuyaona. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 kuhusu kumbukumbu za elimu inasema haki ya kuona alama huhama kutoka kwa mzazi kwenda kwa mwanafunzi anapofika miaka 18 au anapoingia chuo, hata akiwa na miaka 13. Chuo kinaweza kukuruhusu uone ikiwa mtoto anakutegemea kikodi, lakini hakilazimiki, na wahadhiri wengi hawapendi kabisa kuzungumza na mzazi. Wanafunzi wenzake watakuwa watu wazima, baadhi yao wazazi, na mazungumzo ya kazi za vikundi hayatabadilishwa kwa ajili yake. Hawezi kuendesha gari peke yake kabla ya miaka 16. Wewe una zamu zako, na majira ya baridi ya Minnesota unayajua kuliko mimi. Kozi za mtandaoni huondoa tatizo la usafiri, lakini mtoto ambaye tayari hushinda nyumbani akiongezewa chuo cha kwenye skrini atakuwa na krediti nyingi na watu wachache.

Kuhusu udaktari, naomba uketi na mwenzio mpige hesabu hii kwa kalamu. Kwa mpango wa baba, binti anapata shahada ya kwanza akiwa na 18. Shule ya udaktari, ambayo Marekani hufuata baada ya shahada hiyo, ni miaka 4, na mafunzo ya hospitalini baada ya hapo ni miaka 3 hadi 7 kwa kutegemea fani. Lakini shule hizo hazichukui alama peke yake. Hutafuta mtu aliyewahi kukaa na wagonjwa, aliyefanya utafiti, anayeweza kusimama mbele ya jopo na kueleza kwa nini amechagua kazi hii. Wengi wanaoingia wana miaka kati ya 22 na 25. Hospitali nyingi hazipokei wa kujitolea aliye chini ya miaka 16, kwa hiyo katika miaka yake 2 ya kwanza ya chuo, wakati wenzake wanajaza saa za wodini, yeye atakuwa hana ruhusa ya kuingia. Ataomba akiwa na 18 akiwa na uzoefu mdogo wa namna hiyo, na pengine ataambiwa asubiri. Miaka aliyoiokoa ataisubiria mlangoni pa shule ya udaktari. Wewe ni muuguzi, umeona madaktari wachanga wakitoa habari mbaya kwa familia. Nadhani hapo ndipo moyo wako unaposita, na una haki.

Mpango ninaoupendekeza ni huu. Mwaka huu apeleke nguvu katika hesabu, kwa sababu ndilo somo linaloruhusu kukimbia bila kuhitaji uzoefu wa maisha. Chuo Kikuu cha Minnesota kina mpango wa vijana wenye kipaji cha hesabu, UMTYMP, ambao hukusanya hesabu ya miaka 4 ya sekondari katika miaka 2, kisha huingia kalkulasi ya kiwango cha chuo kwa miaka hadi 3. Wanakutana mara moja kwa wiki, kazi za nyumbani ni nzito, na wote waliomo ni watoto wa rika lake wanaopenda kile anachokipenda. Kuingia ni kwa mtihani, nanyi ulizeni ngazi inayomfaa kwa aliyekwisha kumaliza aljebra na jiometri. Kwangu mimi jambo hili moja lina thamani kuliko mwaka mzima wa chuo cha jamii, maana litampa hesabu ngumu na marafiki kwa safari moja ya gari.

Bayolojia aendelee kuisoma nyumbani kwa kitabu hicho hicho, na akiwa tayari, pengine akiwa na miaka 14 au 15, afanye mtihani wa AP (Advanced Placement), ambao hupima somo kwa kiwango cha chuo na hufanywa na wanafunzi wa sekondari. Mitihani hiyo hufanyika kila mwezi wa Mei na hutolewa alama 1 hadi 5. Mtoto wa nyumbani lazima apate shule itakayokubali kumpokea kama mtahiniwa wake, na mipango hiyo hufanywa msimu wa vuli uliotangulia, kwa hiyo msingoje Machi. Uzuri wake kwa umri huu ni kwamba asipofanya vizuri hamlazimiki kupeleka matokeo mahali popote. Ni kipimo cha kiwango cha chuo kisichoacha doa.

Akifika gredi ya 10, ile kozi moja ya fani ya kazi asiidharau. Ulizeni kama chuo kinatoa istilahi za tiba katika kundi hilo. Atakuwa na mtu wa kumsikiliza akizikariri jikoni. Gredi ya 11 achukue kozi 2 kwa muhula, na ya kwanza iwe uandishi, akiwa amekwisha kupata mazoezi ya insha ndefu nyumbani. Baadaye aongeze historia, takwimu, saikolojia, lugha. Hapa kuna shauri litakalomuudhi kidogo: bayolojia, kemia na fizikia za msingi zinazotakiwa na shule za udaktari asiziharakishe katika chuo cha jamii. Baadhi ya shule hizo hupendelea zisomwe katika chuo kikuu cha miaka 4, na atazisoma vizuri zaidi akiwa na maabara kamili na profesa atakayemfahamu kiasi cha kumwandikia barua ya kumpendekeza. Akiingia chuo kikuu akiwa na miaka 17 au 18 na krediti 40 au 50 za masomo mengine, anaweza kumaliza shahada akiwa na 20, huku akiwa ameingia kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye haki ya kugombea kila ufadhili. Tofauti kati ya mpango wa baba yake na huu ni kama miaka 2.

Je, kuna hali ambayo ningekubali aingie chuo kikuu akiwa na 15? Ipo. Ikiwa ataonyesha kwamba mambo yote yanayopatikana kwa nusu muda ameyamaliza, na yeye mwenyewe, bila kusukumwa, anaomba zaidi, ningetafuta mpango unaowapokea vijana kwa kundi. Chuo Kikuu cha Washington kilianzisha mpango wa namna hiyo mwaka 1977, ambapo watoto walipita mwaka wa maandalizi pamoja kabla ya kuingia madarasa ya chuo. Na Texas ina chuo cha hesabu na sayansi ndani ya Chuo Kikuu cha North Texas, Denton, kwa vijana wa jimbo hilo wanaomaliza miaka 2 ya mwisho ya sekondari wakisoma chuoni. Kundi ndilo linalonifanya nikubali. Mtoto wa miaka 15 peke yake kati ya watu wa miaka 20 ni hali nyingine kabisa, na hiyo siishauri hata kwa aliyepata alama kamili.

Bibi wa Moshi naye apewe jibu la heshima, kwa sababu anachouliza ni kama mjukuu wake anakua pamoja na watu. Kwaya, timu ya mpira, madrasa au shule ya Jumapili, watoto wa majirani: vitu hivi viwe na siku zake kwenye ratiba kama kemia ilivyo na siku zake. Na kwa kuwa hamna kengele ya shule inayowafunga, mpelekeni kwa bibi yake kwa miezi 2 au 3 kabla miaka ya PSEO haijaanza. Vitabu vinasafiri.

Kuanzia leo wekeni kumbukumbu za kila somo la kiwango cha sekondari analolimaliza, hata akiwa na miaka 13: jina la kozi, kitabu, sura alizosoma, insha mbili tatu, ripoti za maabara zenye tarehe, na namna mlivyofikia alama. Kisha, kabla ya kujaza fomu yoyote, viandikieni vyuo vikuu viwili au vitatu mnavyovifikiria, mwombe majibu kwa maandishi juu ya mambo haya: krediti za PSEO zinapokewa ngapi na katika masomo yapi, mwenye krediti 50 alizopata kabla ya kuhitimu sekondari anahesabiwa wa mwaka wa kwanza au anayehamia, na umri wa chini wa kulala bwenini ni upi. Barua hizo aziandike binti.